Miondoko 32 na Mtaa wa Narung'ombe

Katika taekwondo ya ITF kuna ruwaza inayoitwa Joong-Gun. Ina miondoko 32, haizidi wala haipungui. Ukifanya 31 umekosea, na mwalimu atakurudisha mwanzo bila huruma. Ukimuuliza kwa nini 32, atakwambia ndiyo miaka aliyokuwa nayo Ahn Joong-Gun alipokufa, kwa hesabu ya umri ya Kikorea. Tarehe 26 Oktoba 1909, katika stesheni ya treni ya Harbin, Ahn alimpiga risasi Ito Hirobumi, mtu aliyekuwa amewahi kuwa Waziri Mkuu wa Japani na ambaye alikuwa mkuu wa kwanza wa utawala wa Kijapani uliosimamia Korea. Wajapani walimnyonga Ahn katika gereza la Lüshun tarehe 26 Machi 1910. Agosti mwaka huohuo Japani ikaimeza Korea rasmi.

Sasa fikiria hesabu hiyo ikifanyika Kariakoo. Ukumbi ni wa kukodi, ghorofa ya pili, chini kuna maduka ya vitenge na vifaa vya simu, na honi za bodaboda zinaingia dirishani. Wanaojipanga mistari ni wanafunzi wa sekondari, vijana wa dukani, mama mmoja mwenye watoto wawili na mimi mwandishi wa habari. Mwalimu anahesabu kwa Kikorea: hana, dul, set, net. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Harbin. Lakini ukiiangalia miguu yetu, inaijua historia ya mtu yule kuliko inavyojua historia ya barabara tuliyopita kuja mazoezini. Jambo hilo limenikaa kichwani kwa muda, na ndilo ninaloliandikia hapa.

Kwanza neno lenyewe. Natumia ruwaza kwa sababu ndilo neno tulilonalo vitabuni. Ukumbini hakuna anayelisema. Pale watu wanasema patani, na waliopitia karate wanasema kata. Kwa Kikorea watu wa ITF wanaita tul, na watu wa World Taekwondo, ile ya Olimpiki, wanaita pumse. Kitu chenyewe ni kimoja: mfululizo wa kukinga, kupiga ngumi, kupiga teke na kugeuka, uliopangwa toka mwanzo hadi mwisho, unaoufanya peke yako dhidi ya wapinzani usiowaona. Katika ITF unaanza ulipo na, kama umeifanya sawasawa, unamalizia palepale ulipoanzia. Ukijikuta umesogea hata nusu hatua, ujue kuna mahali mguu wako ulidanganya.

Wasiopenda kitu hiki wanauliza swali la haki kabisa: kinasaidia nini? Kibaka wa Msimbazi hatakungojea ukinge chini kwa mkono wa kushoto halafu upige hatua moja mbele. Wengine wanaita kupigana na hewa. Jibu la kwanza ni la kiufundi. Ruwaza ni njia ya mtu mmoja kufanya mazoezi ya karibu kila kitu bila mwenzake na bila vifaa. Inakufundisha kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kutoa pumzi kwa wakati wake, kutumia mkono wa kushoto hata kama maisha yako yote umeutegemea wa kulia. Inamfundisha mwenye pupa kusubiri. Kijana mwenye nguvu anayejua kupiga tu anagundulika haraka sana kwenye ruwaza, maana akigeuka anayumba. Ndiyo maana hata World Taekwondo, ambao kwenye Olimpiki wanapigana tu na hakuna ruwaza hata moja, walianzisha mashindano ya dunia ya ruwaza, na ya kwanza yakafanyika Seoul mwaka 2006.

Lakini jibu hilo halielezi majina. Kama shida ni usawa wa mwili na pumzi, zingeitwa ruwaza namba moja, namba mbili, basi. Tukumbuke kwamba kwa watu wengi wa Dar es Salaam vitu hivi viliingia kwa mlango wa karate. Miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianza kufundisha Goju Ryu katika Shule ya Sekondari Zanaki, hapa katikati ya jiji. Ulikuwa wakati ambao Wamarekani weusi wengi walikuwa wakija Dar, na Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika likafanyika hapahapa. Waliopita mikono ya Zanaki wakaja kufundisha wengine, na neno kata likakaa kwenye Kiswahili cha mjini. Sasa, ukitazama majina ya kata za Goju Ryu, baadhi ni namba tupu: Sanseru maana yake 36, Suparinpei maana yake 108. Namba hizo zina maana gani, wenyewe wanabishana. World Taekwondo nao walikwenda kwenye falsafa: ruwaza zao nane za mwanzo, Taegeuk, zinafuata Kitabu cha Mabadiliko cha Wachina, yaani mbingu, ziwa, moto, radi, upepo, maji, mlima na ardhi.

ITF walichagua njia nyingine. Walichukua historia ya taifa wakaigawa kwenye miondoko.

Tazama jinsi walivyofanya. Ruwaza ya Yul-Gok, inayomkumbuka mwanafalsafa Yi I, ina miondoko 38 kwa sababu alizaliwa kwenye nyuzi 38 za latitudo. Kwang-Gae ina 39, tarakimu mbili za mwanzo za mwaka 391, ambao mfalme huyo alitawazwa. Sam-Il ina 33, idadi ya wazalendo waliopanga vuguvugu la uhuru la tarehe 1 Machi 1919. Choong-Moo ni ya jemadari wa majini Yi Soon-Sin, na inaishia kwa pigo la mkono wa kushoto. Kwa kawaida ungetegemea pigo la mwisho liwe la kulia, mkono wenye nguvu. Maelezo ya ITF ni kwamba pigo hilo la kushoto linaashiria kifo chake cha kusikitisha, kabla hajapata nafasi ya kuonyesha uwezo wake wote. Kila anayefanya Choong-Moo, awe Seoul, awe Nairobi, anamalizia kwa mkono wa kushoto, na hivyo, ajue asijue, anaomboleza.

Na kwenye ITF inatakiwa ajue. Ukienda kwenye mtihani wa mkanda hautoshi mwili tu. Mtahini anaweza kukusimamisha ukiwa unatweta na jasho linakutoka, akuulize: ruwaza hii maana yake nini? Ina miondoko mingapi, na kwa nini? Watoto wa ukumbini kwetu wanayakariri majibu hayo kama walivyokariri jedwali la kuzidisha. Nimemsikia binti wa miaka kumi na moja akiyataja majina ya kifalme ya Korea bila kuuma ulimi, halafu anamgeukia mwalimu, "Nimepatia, masta?"

Aliyepanga mambo haya ni Choi Hong Hi. Alizaliwa mwaka 1918 katika eneo ambalo leo ni Korea Kaskazini, wakati nchi yake ikiwa koloni la Japani. Alikwenda kusoma Japani, na huko akajifunza karate. Baada ya 1945 akawa ofisa na baadaye jenerali katika jeshi la Korea Kusini. Jina taekwondo lilipitishwa Aprili 1955, na tarehe 22 Machi 1966 akaunda ITF mjini Seoul. Ruwaza zake ni 24, na alieleza kwamba ni saa za siku moja: ukilinganisha na umilele, maisha ya mtu yote ni siku moja tu.

Ukiziweka ruwaza za mwanzo za Choi pembeni ya kata za Shotokan, undugu unaonekana waziwazi, kwenye namna ya kusimama, ya kukinga chini, ya kugeuka nyuma. Choi alipenda kusisitiza asili ya kale, mchezo wa taekkyon na vijana wapiganaji wa Hwarang. Watafiti wengi wa historia ya mchezo huu wanauona mkono wa karate. Mimi naona ukweli huo hauipunguzii thamani kazi yake, unaiongezea. Mtu wa taifa lililotawaliwa alichukua miondoko aliyojifunza kwa mtawala, akaibandika jina la kijana aliyempiga risasi mtawala. Halafu akaituma duniani kote, hata Japani.

Sisi wa pwani hatuna sababu ya kulishangaa hilo. Babu na bibi zetu waliliona gwaride la Wajerumani na la Waingereza, wakalichukua na vyeo vyake, sare zake na matarumbeta yake, wakalifanya ngoma ya beni. Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi na kwa nyimbo. Gwaride la kumtisha mtu likawa la kumfurahisha.

Kuna upande mwingine wa kutia jina, nao hauna utamu huo. Jina linaweza kubadilishwa. Zamani kulikuwa na ruwaza iliyoitwa U-Nam, jina la kalamu la Rais Syngman Rhee wa Korea Kusini. Rhee aliondolewa madarakani mwaka 1960 baada ya maandamano ya wanafunzi, na ruwaza yake haimo kwenye zile 24. Ikafuata hadithi ya Ko-Dang. Hilo lilikuwa jina la kalamu la Cho Man-sik, mzalendo na mwalimu aliyebaki Pyongyang baada ya vita, akawekwa kizuizini na Wasovieti mwaka 1946, asionekane tena hadharani. Choi alihamia Kanada mwaka 1972 baada ya kukosana na serikali ya Kusini, na mwaka 1980 akaanza kuipeleka taekwondo yake Korea Kaskazini. Miaka hiyo ya 1980 Ko-Dang ikaondolewa, na mahali pake ikawekwa ruwaza mpya iitwayo Juche, itikadi ya Kim Il Sung. Yaani mtu aliyepotezwa Pyongyang aliondolewa hata kwenye miguu ya wanamichezo, akapisha itikadi ya watawala wa Pyongyang. Choi alifia hukohuko Pyongyang mwaka 2002. Baada yake ITF ikagawanyika, na kuna kundi lililorudisha jina la Ko-Dang.

Kwa Mtanzania neno Juche lina mwangwi wa karibu. Kwa Kiswahili limezoeleka kutafsiriwa kujitegemea, neno lilelile la Azimio la Arusha la Februari 1967. Mwalimu Nyerere alikwenda Pyongyang Juni 1968. Mkanda mweusi wa Dar anayefanya Juche ya miondoko 45 anafanya, kwa lugha ya kigeni, neno lililokuwa limeandikwa kwenye kuta za shule za wazazi wake. Sijui kama Choi aliwahi kuambiwa hivyo.

Basi hoja yangu ni hii: ruwaza ni kama mtaa. Unaipita kila siku kwa miguu mpaka huihitaji tena akili. Jina lake amelitia mtu mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka mwingine anaweza kulifuta. Na jina lenyewe halisemi lolote mpaka apatikane wa kulisimulia. Ukishaelewa hivyo kuhusu ruwaza, huwezi tena kutembea Kariakoo kwa namna ileile.

Ukitoka ukumbini kwetu, unajikuta kwenye mitaa ambayo kila mnunuzi wa jumla anaijua kwa bidhaa zake. Narung'ombe. Mahiwa. Tandamti. Mteja anaambiwa, "Nenda Narung'ombe utapata kwa bei ya chini," anakwenda, ananunua, anaondoka. Kumbe yote matatu ni majina ya mahali palipopiganwa mwaka 1917, kusini mwa nchi hii, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Narung'ombe, upande wa Kilwa, walipigana tarehe 19 Julai. Kilima cha Tandamuti, karibu na Lindi, ilikuwa Agosti. Mahiwa ilikuwa Oktoba, na ndiyo mojawapo ya mapigano mabaya kabisa ya vita ile katika Afrika Mashariki: upande wa Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu waliowapeleka, kati yao askari wengi kutoka Nigeria. Waliokuwa wakiuana walikuwa, kwa sehemu kubwa, Waafrika: huku King's African Rifles na wenzao wa Afrika Magharibi, huku askari wa Mjerumani.

Na Kariakoo yenyewe? Ni Carrier Corps kwenye ulimi wa Kiswahili, kikosi cha wapagazi. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na eneo hili likawa kambi ya wapagazi hao. Vita ile haikuwa na barabara za magari za maana, na ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Iliyobeba risasi, unga na majeruhi ilikuwa shingo ya mtu. Idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza kwa kawaida inatajwa kuwa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Leo hii ukisimama kona yoyote ya Kariakoo saa nne asubuhi utaona belo la mitumba likitembea juu ya mabega ya kijana, mwingine anasukuma mkokoteni huku akipiga kelele apishwe. Jina la mahali bado linafanya kazi yake. Ila mwenye mkokoteni hajasimuliwa.

Majina ya Kariakoo nayo yamebadilishwa kama ya ruwaza, na mara nyingine kwa sababu nzuri. Mtaa wa Kitchwele ukawa Uhuru. Kipata ukapewa jina la Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, ambaye katika vita ileile alipigana akiwa askari wa Mjerumani. Tandamti ukapewa jina la Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki wa soko la Kariakoo na mzee wa TANU aliyemsaidia sana Nyerere. Mwanahistoria Mohamed Said amefanya kazi kubwa ya kuandika habari za watu hawa, na bila yeye wengi wetu tungebaki na vibao tu. Hata hivyo ukimwambia dereva wa bajaji akupeleke Mshume Kiyate anaweza kukuuliza ndiyo wapi. Ukisema Tandamti, anawasha injini. Kwa hiyo tuna mtaa mmoja wenye majina mawili: moja la kilima walipofia watu tusiowajua, jingine la mzee aliyetusaidia kupata uhuru. Yote mawili yanastahili kukumbukwa, na kwa wapita njia wengi yote mawili hayasemi kitu.

Kuna atakayesema tuna sanamu ya Askari pale Samora. Ni kweli. Iliwekwa mwaka 1927, na maandishi yake, kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, yanawataja askari pamoja na wapagazi. Lakini itazame vizuri. Anayeonekana ni askari, bunduki mbele, amenyooka. Nikiitazama kwa jicho la mazoezi naona ruwaza ya mwondoko mmoja, iliyoganda. Mpagazi yumo kwenye maandishi. Kwenye shaba hayumo.

Sitaki kusema watoto wa Kariakoo waache kujifunza habari za Wakorea. Ahn Joong-Gun hakuwaibia chochote. Mtoto anayejua kwamba kulikuwa na watu wengine duniani waliomezwa na dola kubwa, na kwamba walipata njia ya kulitunza jambo hilo mwilini, amepata elimu ambayo darasani hatuipati kirahisi. Ninachokitamani kwa Choi ni mbinu yake. Alijua kwamba kitabu kinafungwa na sanamu inazoeleka, ila mwili uliorudia jambo mara elfu hausahau. Alijua pia kwamba mwili peke yake hautoshi, ndiyo maana ukaja mtihani, na mtahini wa kuuliza maana.

Siku moja baada ya mazoezi nilimuuliza mwalimu wetu: kama ingetungwa ruwaza ya Narung'ombe, ungeipa miondoko mingapi? Alikuwa anafungua vifungo vya mkanda wake. Akacheka kwanza. Halafu akasema, "Bwana mwandishi, nipe umri wa mtu, au nipe idadi yao, mimi nitakutengenezea."

Nikaenda kutafuta idadi. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti kuhusu waliosahauliwa katika Vita vya Kwanza. Inakadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kati ya 116,000 na 350,000 kuna pengo la watu 234,000, ambao mwenye rejista hana hakika kama walikuwepo.

Wakorea waliweza kumpa Ahn miondoko 32 kwa sababu kuna aliyeijua miaka yake. Sam-Il ina 33 kwa sababu wale wazalendo walitia majina yao kwenye karatasi. Mpagazi wa Kariakoo aliandikwa kwa namba ya mzigo, kama aliandikwa. Nilimpelekea mwalimu takwimu zile. Alizisoma kwenye simu, akanirudishia, akasema tuanze na kusimama tu. Katika taekwondo kusimama kimya nako kuna jina na kunafundishwa: miguu pamoja, mikono imetulia, macho mbele. Huo ni mkao wa kuanzia, na hauhesabiwi kwenye miondoko.